Kitufe Chenye Mafua

Nélida Brandán alivuka barabara ya Boedo na bandoneoni ya mumewe, chombo chake cha kupigia muziki wa tango, mikononi, ameifunika kwa blanketi la kitandani, sanduku na yote. Hakutaka ionekane. Mtaa wetu una macho mengi, na macho yale yangemfikishia Eliseo habari kabla hajamaliza kahawa yake ya asubuhi. Eliseo hakuwa amempa mtu ruhusa ya kuigusa, si mkewe, si hata mama yake mzazi.

Alipofika mbele ya bucha, Don Cosme alitoka nje akifuta visu kwenye aproni.

"Umebeba nini humo, Nélida? Maiti ya tango?"

"Nguo za kufua, Don Cosme."

"Basi nguo zina vitufe vingi, maana nazisikia zikigongana. Mwambie mumeo jana usiku mke wangu alijaribu kulicheza lile tango lake la redioni. Leo anatembea kwa fimbo."

Wanawake waliopanga foleni walicheka. Nélida naye alicheka kidogo, kwa adabu, maana Jumamosi angerudi palepale kununua mifupa ya supu. Kisha akaharakisha, masikio yakimwaka moto ingawa ilikuwa Julai na baridi ilikata.

Kilichompeleka kilikuwa Alhamisi. Alhamisi saa nne asubuhi Eliseo angeingia studio. Kampuni ya santuri ilikuwa imemzungusha miezi minane kabla ya kumkubalia: tungo nne kwa muda wa saa tatu, na meneja alimwambia wazi kwamba hakuna mara ya pili. Eliseo alikuwa ameacha okestra kubwa ya kuchezesha watu, ile ya suti za kijivu na mabango ukutani, ili apige tango lake mwenyewe ambalo halichezeki. Alhamisi ikiharibika, hakuwa na mbele wala nyuma ila kurudi kwa kiongozi wake wa zamani, kofia mkononi. Na yule bwana alishatangaza mkahawani kwamba angempokea kwa moyo mkunjufu na kumpa kiti cha mwisho, nyuma ya piano.

Sasa, bandoneoni ile ilikuwa na ugonjwa. Chombo hiki ni ndugu wa kodiani, ila kila kitufe chake kina sauti mbili: moja ukivuta, nyingine ukibana. Upande wa kushoto, chini kabisa, kulikuwa na kitufe kimoja ambacho ukivuta kinaimba vizuri, ukibana kinakohoa. Kilikohoa hivyo kwa miaka tisa, tangu asubuhi moja Nélida alipokuwa akifagia, mpini wa ufagio ukagonga kiti, na bandoneoni ikaanguka sakafuni. Alikuwa bibi harusi wa miezi miwili. Eliseo alipouliza, Nélida akasema ni paka wa jirani. "Paka," Eliseo akarudia, na habari ikaishia hapo. Hakumgombeza, wala hakukipeleka chombo kwa fundi. Kwa miaka tisa kila kikohozi kilichopita ukutani hadi jikoni kilimchoma Nélida kama sindano.

Jumatatu hiyo Eliseo alikuwa na siku mbili za kufundisha wapiga fidla peke yao, huko mtaa wa Almagro, angelala hukohuko, na chombo amekiacha nyumbani. Nélida akaona ndiyo nafasi yake ya kulipa.

* * *

Don Baldomero Stigliano alikuwa fundi wa bandoneoni tangu enzi ambapo zililetwa kutoka Ujerumani kwa meli kila mwezi. Sasa hazikuja tena, na yeye aliziponya zilizopo kwa kunyofoa viungo vya zile zilizokufa. Aliifungua ya Eliseo mezani, akabana kitufe, akasikia kikohozi, akakunja uso.

"Nani aliyekiacha chombo hivi?"

"Mume wangu. Eliseo Brandán."

"Brandán yule anayeliua tango?"

Nélida alimeza mate. "Huyohuyo."

"Ndiyo maana. Wala sishangai hajagundua. Mpigaji wa kweli hupiga akivuta. Kubana ni kurudisha pumzi tu ili uvute tena." Alichungulia ndani kwa miwani ya kukuzia. Sauti za bandoneoni hutoka kwenye ndimi ndogo za chuma, zimepigwa ribiti kwenye bamba, na ulimi huu mmoja, mrefu, wenye punje ya madini ya risasi nchani, ulikuwa umejipinda. "Huu haunyooki. Ukiunyoosha unakatika. Nitautoa niweke mwingine."

"Itagharimu kiasi gani?"

"Hakuna kitu, bibie. Sitaki fedha. Nataka tu ajue ni nani aliyemponyea chombo chake. Njoo kesho."

Jumanne mchana Nélida aliporudi, fundi alibana kitufe mbele yake, na sauti ikatoka safi, tamu, iliyojaa. Machozi yalimlengalenga Nélida, akaona aibu. Don Baldomero akachukua penseli, akaandika jina lake na tarehe ndani ya mbao, kama mafundi wa kazi hii wanavyofanya wakiridhika na kazi yao.

"Mwambie asome hapo," alisema.

Nyumbani, mama mkwe wake, Donya Filomena, alikuwa uani akimenya viazi.

"Sanduku la mwanangu lilikuwa wapi?"

"Nililitoa vumbi, mama."

"Siku mbili?"

"Lilikuwa na vumbi jingi."

Bibi kizee alimtazama, akatupa kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine.

* * *

Eliseo alirudi jioni akiwa amechakaa, nywele timutimu. Alikaa mezani na mkewe na mama yake lakini hakula. Alikoroga supu mpaka ikapoa.

"Wale vijana wa fidla wanataka kila kitu kiwe safi," alisema. "Safi, safi! Wamefunzwa hivyo, siwalaumu. Nimewaambia, subirini kesho mkisikie kitufe changu chenye mafua, ndipo mtajua mnafuata nini."

"Kitufe gani?" Nélida aliuliza.

"Kile cha kushoto, chini. Kile cha paka."

Kijiko kilimponyoka Nélida, kikagonga sahani.

"Tungo ya nne yote imesimama juu yake," Eliseo aliendelea, sasa mikono yake ikibana na kufungua hewa. "Fidla zinapanda, besi inashuka, wote wanangoja pale, halafu nabana polepole na kile kitu kinakohoa. Ukikitoa hicho, hakuna tungo. Zinabaki kelele. Unajua mji huu mzima wanapiga wakivuta? Mimi nisingejifunza kubana kama si kile kitufe. Nilianza kukikwepa, kisha nikaanza kukitafuta. Bila kile ningekuwa bado nimevaa suti ya kijivu."

"Na ungekuwa unakula nyama," alisema Donya Filomena.

"Mama, tafadhali."

"Nasema tu. Nyama ina tabu gani?"

Nélida hakusikia tena. Miaka tisa alidhani anavumiliwa kosa lake, kumbe mtu alikuwa anajenga nyumba juu ya kosa hilo. Na yeye, kwa upendo wake wote, alikuwa ameenda kung'oa nguzo siku mbili kabla ya wageni kufika.

Eliseo alisukuma kiti nyuma. "Hebu niijaribu kidogo kabla ya kulala."

"Usiiguse!" Nélida alisema, kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe. "Vidole vyako. Vitazame, vimevimba kwa baridi. Utaviumiza, na Alhamisi je?"

"Dakika tano tu."

"Leo pumzika, Eliseo. Nakuomba."

Alisimama kati ya mumewe na sanduku akiwa na sahani chafu mikononi. Eliseo alimkodolea macho. Wa kumwokoa akawa yule asiyemtegemea.

"Kaa chini umalize supu," Donya Filomena alimwambia mwanawe. "Mkeo akikuambia pumzika, pumzika. Mimi baba yako hakuwahi kunisikiliza, na yuko wapi sasa?"

Eliseo akakaa.

* * *

Jumatano, mara tu mlango ulipofungwa nyuma ya Eliseo, Nélida alivaa koti. Kikundi kizima kingekuja nyumbani saa kumi na mbili jioni kwa zoezi la mwisho. Donya Filomena alikuwa amekaa karibu na jiko na kibuyu chake cha yerba, ile chai chungu ya kunywa kwa mrija, akifyonza.

"Sijui umefanya nini," alisema, "na sitaki kujua. Akiuliza, umeenda kung'oa jino. Nenda."

Safari hii hakufunika sanduku. Don Cosme alitoka buchani mdomo wazi, tayari na mzaha wake, lakini uso wa Nélida ukamfanya aurudishe tumboni.

Kwa Don Baldomero kulikuwa na mteja, mpigaji kijana wa okestra moja ya dansi, nywele zimelala kwa mafuta. Nélida alitamani kungoja kijana aondoke, lakini saa ilikuwa inakwenda. Akaeleza haja yake pale pale, harakaharaka, macho sakafuni.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Ngoja nielewe. Umeniletea mgonjwa. Nimemponya, bure. Sasa unataka nimrudishie ugonjwa?"

"Ndiyo, Don Baldomero."

"Miaka arobaini na moja niko kwenye kiti hiki. Sijawahi kukiharibu chombo cha mtu kwa makusudi. Hata cha adui yangu."

"Mwambie Brandán abane kopo la mafuta ya taa," kijana yule alidakia. "Sauti ni ileile, na ni rahisi kubeba."

Alicheka peke yake. Nélida alisikia machozi yakija, akayazuia kwa hasira.

"Nitalipa," alisema. "Nitalipa mara mbili, hata nikifua nguo za watu."

"Usinitukane kwa fedha, bibie. Nimekataa, basi."

"Basi nipe ule ulimi. Nitatafuta fundi mwingine."

"Ulimi upo." Don Baldomero alinyoosha mkono rafuni, akateremsha kopo kubwa la biskuti, akalitikisa. Ndani kulilia kama mvua juu ya bati. "Humu. Pamoja na ndimi za bandoneoni zote nilizozika tangu kabla ya vita. Ukiupata, nitaurudisha kwa mikono yangu, neno la Stigliano. Lakini hutaupata. Mimi mwenyewe siwezi."

Alisema hivyo ili mwanamke aondoke. Nélida akavua koti, akavuta kigoda.

"Nionyeshe namna ya kuzijaribu."

Kijana wa mafuta ya nywele alijikohoza, akachukua chombo chake, akaondoka. Don Baldomero hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi, na watu wa kazi hawapendi mzaha kwenye meza yao. Akamwaga kopo juu ya gazeti. Akatenga zile ndefu zenye risasi nchani, kwa haki, bila kumficha hata moja. Zilikaribia mia. Akamwonyesha: bana shina la ulimi kwenye jiliwa hii ndogo, gusa ncha kwa ukucha, sogeza sikio.

Nélida akaanza. Tin. Siyo huu. Tin. Siyo. Nyingine zilikuwa zimekufa kabisa, nyingine ziliimba vizuri mno. Fundi alirudi kwenye kazi zake akimpa mgongo. Saa sita ikapita. Ukucha ukapasuka, akahamia kidole kingine. Saa nane, Don Baldomero alisogeza karibu naye kipande cha mkate na jibini, na Nélida hakukiona. Hofu ilimpanda: labda ameupita, labda ulikuwa ule wa mwanzo mwanzo, labda sauti ya ndimi tupu si ile anayoijua. Alifumba macho. Akajirudisha jikoni kwake, viazi mikononi, ukuta mbele yake, na upande wa pili wa ukuta Eliseo akibana polepole. Akagusa.

"Huu hapa."

"Umechoka, bibie."

"Ni huu."

Don Baldomero alikuja, akauchukua. Akauchanganya na nyingine nne. "Geuka uangalie mlango." Nélida akageuka. Fundi akagusa mmoja baada ya mwingine.

"Wa nne," alisema Nélida.

Akazichanganya upya.

"Wa kwanza."

Don Baldomero aliuweka ule ulimi kiganjani, akautazama kwa miwani ya kukuzia. "Mume wako anajua una masikio ya namna hii?"

"Anasema sijui tofauti ya fidla na mlango."

Fundi aliguna. Kisha akawasha taa ya mezani, akaifungua bandoneoni, akakata ribiti ya ulimi mzuri. "Chuma hiki hakikupinda chenyewe," alisema huku akifanya kazi. "Kilianguka. Kwa nguvu."

"Nilikuwa nafagia," alisema Nélida. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka mbele ya mtu. "Nilisingizia paka."

Don Baldomero hakuinua kichwa. Alipomaliza, alichukua kifutio, akalifuta jina lake ndani ya mbao hadi likapotea. "Kazi mbovu siiwekei jina," alisema. Akafunga chombo, akakiweka gotini, akabana. Kikakohoa. Mara moja ilitosha kwa kujaribu, lakini alibana mara ya pili, polepole, mpaka upepo ukaisha, kichwa kakiinamisha upande.

"Ondoka," alisema. "Kabla sijabadili mawazo."

* * *

Alifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro robo. Fidla zilikuwa zishaanza kuwekwa sawa sebuleni. Donya Filomena alikuwa amemlazimisha Eliseo anyoe ndevu kwanza, maana hakumzaa apokee wageni kama mtoro wa jela. Na Eliseo, mtu mzima wa miaka arobaini, alikuwa bado bafuni na povu shingoni. Nélida aliliweka sanduku mahali pake na kukaa juu ya kitanda, jasho jembamba likimtiririka.

Eliseo alikuja, akatandika kitambaa chake cheusi gotini, akaitoa bandoneoni. Akabana. Kitufe kikakohoa. Akasita kidogo, akakitazama kitufe, kisha akamtazama mkewe mlangoni.

"Jino linaendeleaje?" aliuliza.

"Limetoka."

"Pole," alisema Eliseo, akawageukia wenzake na kuhesabu hadi nne.

* * *

Alhamisi Eliseo aliondoka na sanduku, akasahau kitambaa. Bila kitambaa gotini chombo huteleza. Nélida alikikuta kwenye kiti, akapanda tramu akiwa amevaa kandambili za ndani, akamkuta mlangoni mwa studio. Badala ya kukichukua na kumrudisha, Eliseo alisema, "Ingia. Kaa kule pembeni. Ila taa nyekundu ikiwaka, usipumue."

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani. Nélida akakaa pembeni, miguu kaificha chini ya kiti.

Tungo tatu za kwanza zilikwenda, kwa taabu. Ya pili ilirudiwa mara tano kwa sababu ya besi. Saa ya ukutani ilikuwa kubwa kama ya stesheni, na kila aliyekuwemo aliitazama akijidai haitazami. Walipofika tungo ya nne zilibaki dakika ishirini na tano. Taa ikawaka. Fidla zikapanda, besi ikashuka, Eliseo akabana.

Taa ikazimika. Fundi mitambo alitokeza kichwa kutoka nyuma ya kioo.

"Kuna kitu kinakwaruza."

"Ndiyo," alisema Eliseo.

"Kwenye chombo chako. Kushoto."

"Ndivyo kilivyo. Endelea."

Meneja akaingia, bwana mnene mwenye pini ya dhahabu kwenye tai, na karani wake nyuma na karatasi. "Bwana Brandán, tusielewane vibaya. Kile mtu akikisikia nyumbani atadhani sindano yake imekufa. Atairudisha dukani. Watarudisha wote. Piga bila noti hiyo."

"Haipigiki bila hiyo."

"Basi tunazo tatu, na santuri yangu ina nafasi ya tungo nne. Tatu sitoi. Nikatishe kazi sasa hivi?"

Saa ya ukutani ikala dakika nyingine. Eliseo alijifuta viganja kwenye suruali. Nélida aliona mabega yake yakishuka taratibu, namna yalivyoshuka zamani kila alipovaa suti ya kijivu.

"Labda," Eliseo alisema, sauti imekauka, "labda naweza kuipiga juu zaidi. Kwa mkono wa kulia."

"Sasa tunaelewana," alisema meneja.

"Hapana," alisema Nélida.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama, kandambili na yote. Hakujua alisimama saa ngapi.

"Ile si kasoro," alisema. "Yaani ni kasoro, lakini ni yangu. Niliiangusha mimi. Nilikuwa nafagia." Akamtazama mumewe. "Hakuwa paka, Eliseo. Ni mimi. Na Jumatatu nikaipeleka ikatengenezwa, nikidhani nakusaidia, na jana nikaenda kuirudisha. Kwa hiyo usiipige juu. Nimeitafuta siku nzima, nikaipata."

Mpiga besi alijitia kukaza nyuzi. Meneja alikohoa. "Bibie, hili ni suala la kazi."

Lakini Eliseo alikuwa amemgeukia karani. "Hapo kwenye karatasi yako, tungo ya nne inaitwaje?"

"Haina jina, bwana. Umeandika Namba Nne."

"Futa. Andika 'Ufagio'."

"Ufagio?"

"Ufagio." Akamtazama meneja. "Sasa ina jina. Mtu akiuliza kinachokwaruza ni nini, mwonyeshe lebo."

Meneja aliitazama saa. Dakika kumi na saba. Kubishana na msanii huyu kungekula kumi, na fidla nne zililipwa kwa saa. "Mara moja tu," alisema. "Ikiharibika, mmekwisha." Akatoka, mlango mzito ukafungwa.

Nélida alikuwa bado amesimama. Eliseo aliweka sawa kitambaa gotini, akamwambia kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa:

"Paka wa jirani, wa Donya Amalia, alikufa wiki ya Pasaka mwaka ule, Nélida. Miezi mitatu kabla ya chombo kuanguka. Mimi ndiye niliyemchimbia shimo."

Taa nyekundu ikawaka.

Hebu fikiria hali yake. Miaka tisa ya kujificha nyuma ya paka aliyekufa, na sasa haruhusiwi hata kupumua. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Fidla zilipanda, besi ikashuka, wote wakangoja pale, na Eliseo akabana polepole, kitufe kikakohoa kikohozi chake chote, na tungo ikaendelea mbele. Nélida alijishikilia. Alijishikilia dakika nne nzima, hadi ule ubanaji wa mwisho unaoisha upepo ukiisha. Hapo, kabla taa haijazimika, kikamtoka kitu kidogo, si kicheko, si kilio.

Fundi mitambo alikisikia, akainua mkono. Meneja akaitazama saa, akamshusha mkono.

Santuri ile haikuuzwa sana, lakini mwezi wa kumi kampuni ilimwita Eliseo tena, na suti ya kijivu Donya Filomena aliikatakata akatengeneza mifuko ya vibanio vya nguo. Mimi ninayo moja, santuri, si mfuko. Don Baldomero huja kwangu Jumapili kuisikiliza, kwa kuwa haifai wateja wake wamkute nayo. Hukaa na kofia magotini akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho kwamba hili si tango. Ila sindano inapokaribia kitovu cha santuri, mwishoni mwa 'Ufagio', huinua kidole ninyamaze.

"Huyo hapo," husema. "Irudishe kidogo."